Wazee wanaolifuata jua: Raha na masharti ya kambi za jangwani Arizona

Na Mwandishi Wetu

*Kila majira ya baridi, maelfu ya wastaafu wa Marekani na Kanada hufunga nyumba zao na kwenda kupiga kambi kusini. Wapo wanaoyaona maisha hayo kuwa ndiyo uhuru wenyewe, na wapo wanaosema ni umaskini uliopewa jina la likizo. Kambi hizo zinastahili kulindwa, lakini kwa masharti.*

Saa kumi na moja na nusu jioni, mwezi Januari, jua huanza kuzama nyuma ya milima ya Dome Rock, karibu na mji mdogo wa Quartzsite, magharibi mwa jimbo la Arizona. Kwenye tambarare ya changarawe kusini mwa mji huo, magari yenye vyumba vya kulala, karavani za kukokotwa, vani zilizogeuzwa kuwa nyumba na mahema ya kawaida yametapakaa hadi macho yanapokoma.

Wenyeji wa kambi, wengi wao wenye mvi, hutoa viti vya kukunja, huviweka kuelekea machweo na kuwasha moto ndani ya karai la chuma. Mchana joto lilifika nyuzi 20 hivi. Usiku litashuka hadi karibu na nyuzi 5, kwa hiyo masweta na mablanketi yameshatolewa mapema.

Saa hiyohiyo huko Minnesota, mwendo wa siku tatu au nne kwa gari, theluji imefunika njia za kwenda kwa majirani, na usiku kipimajoto huweza kushuka nyuzi 20 chini ya sifuri. Mzee wa miaka 72 anayetoka nje kuchota theluji mlangoni anajua kwamba kuteleza mara moja tu kunaweza kumvunja nyonga.

Eneo hilo la kambi linaitwa La Posa. Lina ekari zipatazo 11,400, ni mali ya serikali ya shirikisho, na tangu Septemba hadi Aprili hugeuka mji wa magurudumu. Quartzsite yenyewe ilikuwa na wakazi wapatao 2,400 tu katika sensa ya mwaka 2020. Msimu wa baridi unapofika kileleni, mji na jangwa linalouzunguka hubeba watu wengi kupita idadi hiyo kwa mbali.

Wasafiri hawa huitwa ndege wa theluji. Wengine wana nyumba nzuri kaskazini na huja kwa starehe. Wengine walishauza kila kitu, na gari lililoegeshwa jangwani ndilo makazi pekee waliyobaki nayo. Wanakaa bega kwa bega, wanalipa ada ileile na kuota moto mmoja. Swali linalowagusa wote ni hili: jua la kusini ni haki ya nani, na jangwa linaweza kuwabeba hadi lini?

Jinsi kusini kulivyogeuka kimbilio

Karne moja iliyopita, Mmarekani wa kawaida hakuota kuhamia Arizona. Mwaka 1950 jimbo zima lilikuwa na watu wapatao 750,000. Mwaka 2020 walikuwa wameshapita milioni saba. Jiji la Phoenix, lililokuwa na watu 107,000 hivi mwaka 1950, leo lina zaidi ya milioni 1.6.

Mambo kadhaa yalisukuma wimbi hilo. La kwanza ni kiyoyozi. Mhandisi Willis Carrier alibuni mtambo wa kurekebisha hewa mwaka 1902 kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia mitambo ya namna hiyo ikaingia majumbani. La pili ni barabara kuu za kitaifa, na la tatu ni pensheni, ambayo humfuata mstaafu popote anapokwenda.

Januari 1, 1960, mjenzi Del Webb alifungua Sun City karibu na Phoenix, mji uliojengwa kwa ajili ya wazee. Watu walifurika tangu siku za kwanza kutazama nyumba za mfano. Kufikia mwaka 1969 mwandishi Kevin Phillips alikuwa ameshaupa upande huo wote wa nchi, kutoka Florida hadi California, jina lililobaki midomoni: Ukanda wa Jua.

Lakini si kila mstaafu aliyeweza kununua nyumba Sun City. Waliokuwa na kipato kidogo walikuja na magari yao, wakaegesha jangwani, wakakaa hadi theluji ya kwao ilipoyeyuka. Serikali iliona kwamba kuwafukuza ni kazi bure, na kuwaacha watawanyike ovyo ni kuliumiza jangwa. Mwaka 1983, Idara ya Usimamizi wa Ardhi ilianzisha maeneo maalumu ya wageni wa muda mrefu kwenye jangwa la Arizona na California. La Posa ni mojawapo.

Stika moja, miezi saba

Idara hiyo inasimamia ekari zipatazo milioni 245 za ardhi ya umma, eneo linalozidi kidogo nchi nzima ya Tanzania. Sehemu kubwa ya ardhi hiyo iko wazi kwa raia yeyote, na hata mgeni anaruhusiwa kuingia na kulala.

Sheria ni rahisi kueleweka. Kwenye sehemu nyingi za ardhi hiyo, mtu anaweza kupiga kambi bure hadi siku 14 katika kipindi cha siku 28, kisha lazima asogee mbali. Kuzunguka Quartzsite, maeneo kama Plomosa Road, Scaddan Wash na Dome Rock hutumika kwa utaratibu huo.

Anayetaka kutulia hununua kibali cha La Posa. Kwa miaka mingi ada ya msimu mzima, tangu Septemba 15 hadi Aprili 15, ilikuwa dola 180, na anayetaka siku 14 tu alilipa dola 40. Stika hubandikwa kwenye kioo cha mbele cha gari, na kwa stika hiyo mtu hupata maji ya kuchota, mahali pa kumwaga maji machafu, mapipa ya taka na vyoo. Umeme hauletwi, na hakuna mabomba yanayofika kwenye kila kambi.

> Dola 180 kwa msimu wa miezi saba ni chini ya dola moja kwa siku.

Kwa mstaafu wa Marekani, hesabu hiyo ina uzito. Mwanzoni mwa mwaka 2024 pensheni ya wastani ya serikali ilikuwa takriban dola 1,900 kwa mwezi. Katika miji mingi, kodi ya nyumba peke yake humeza zaidi ya nusu ya fedha hizo, kabla ya kununua dawa, chakula na mafuta ya kupasha nyumba joto. Aliyeko La Posa analipa kibali mara moja, kisha shida zake za kila wiki ni gesi ya kupikia, mafuta ya gari na chakula.

Mkono unaojua kuweka kambi

Anayedhani kupiga kambi ni kuegesha gari na kulala, hajamtazama mwenye uzoefu akifika.

Kazi ya kwanza ni kulisawazisha gari. Vipande vya mbao huwekwa chini ya magurudumu ya upande uliolala chini, gari likasogezwa taratibu, likapanda, mpaka povu la pimamaji iliyowekwa juu ya meza litulie katikati. Gari likiachwa limeinama, milango ya kabati hujifungua yenyewe, na jokofu la gesi linaweza kuacha kupoza na hata kuharibika.

Kazi ya pili ni kusoma ardhi. Jangwa la Sonora limejaa makorongo makavu ambayo kwa mgeni ni sehemu nzuri, tambarare, yenye kivuli cha miti. Mwenyeji halali humo hata siku moja. Mvua ikinyesha milimani, kilomita nyingi kutoka hapo, maji hushuka kwa kishindo na kulijaza korongo bila hata wingu moja kuonekana juu ya kambi.

Kazi ya tatu ni jua lenyewe. Paneli za sola huinamishwa kuelekea kusini, kwa kuwa wakati wa baridi jua hupita chini upande huo wa anga. Jioni, mwenye gari huitazama saa ya betri kabla ya kuwasha taa ya pili. Jenereta inaruhusiwa, lakini kelele lazima zikome kati ya saa nne usiku na saa kumi na mbili asubuhi.

Kisha kuna maji, na hapo ndipo mtu wa mjini hufundishwa upya. Gari-nyumba lina matangi matatu: la maji safi, la maji ya sinki na bafu, na la choo. Likijaa moja la machafu au likikauka la safi, lazima kambi ivunjwe na gari liendeshwe hadi kituo cha huduma. Kwa hiyo sahani hufutwa kwa karatasi kwanza, halafu hupuliziwa maji kwa chupa yenye kichwa cha kunyunyizia, halafu husuuzwa kwa kikombe kimoja. Maji ya baridi yanayotangulia bombani kabla ya yale ya moto hukingwa kwenye sufuria ili yachemshiwe chai.

Mtu aliyeishi miaka 40 akifungua bomba bila kufikiri huanza kuijua thamani ya lita moja. Baadhi ya raha ya kambi inatoka hapohapo: kila kitu unachokitumia unakiona, unakibeba na unawajibika nacho.

Raha nyingine hazihitaji maelezo marefu. Asubuhi kavu ambayo magoti hayaumi. Matembezi ya kuokota mawe ya rangi, maana mji huu una maonyesho makubwa ya vito na madini kila msimu wa baridi, na watu huja kutoka mbali kununua na kubadilishana. Magitaa jioni. Sufuria kubwa ya supu ambayo kila kambi imechangia kitu. Nyota nyingi kiasi kwamba mtu aliyezeekea mjini hugundua hakuwahi kuuona usiku kamili.

Juu ya yote kuna majirani. Sheria inataka nafasi ya karibu mita nne na nusu tu kati ya makazi na makazi, na umbali huo unatosha kusikia mtu akianguka. Asiyeonekana nje kufikia saa nne asubuhi hugongewa mlango. Wapo wajane waliokaa miaka kwenye majengo ya ghorofa bila kujuliwa jina, wakaja kupata majirani wa kweli jangwani.

Starehe, au umaskini ulioficha uso?

Hapa ndipo mabishano yanapoanza.

Mwaka 2017 mwanahabari Jessica Bruder alichapisha kitabu cha *Nomadland* kuhusu Wamarekani wa umri mkubwa wanaoishi kwenye magari na kuhama kufuata vibarua vya msimu. Wengi walipoteza nyumba au akiba baada ya msukosuko wa fedha wa mwaka 2008. Filamu iliyotokana na kitabu hicho, iliyoongozwa na Chloé Zhao, ilishinda Oscar ya filamu bora mwaka 2021. Quartzsite ni sehemu ya simulizi hiyo, pamoja na mkusanyiko wa Rubber Tramp Rendezvous ulioanzishwa na Bob Wells kuwafundisha watu kuishi garini kwa fedha kidogo.

Wakosoaji wanasema jambo zito: nchi tajiri isijisifu kwa wazee wake kulala kwenye vani. Mtu anayechagua jangwa kwa sababu analipenda ni tofauti na yule aliyekimbilia huko baada ya kodi ya nyumba kumshinda. Kuwachanganya wote chini ya picha nzuri za machweo ni kuisaidia serikali kukwepa wajibu wake wa makazi.

Hoja hiyo ni ya kweli, na hakuna mtetezi wa kambi anayepaswa kuipuuza. Lakini kuna upande wa pili.

Juni 28, 2024, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua katika kesi ya Grants Pass, mji wa jimbo la Oregon, kwamba miji inaweza kuwaadhibu watu wanaolala kwenye maeneo ya umma hata kama hawana pa kwenda. Tangu hapo miji mingi imekaza amri dhidi ya mahema na magari ya kulala barabarani. Mtu yuleyule, na blanketi lilelile, anaweza kuwa mkosaji akilala kando ya bustani ya mji na mgeni halali akilala La Posa.

> Kuondoa ardhi ya kambi hakumpatii mzee nyumba. Kunampeleka barabarani, na barabarani kuna faini.

Kwa hiyo wanaotaka kambi zifungwe kwa jina la utu wanapaswa kujibu kwanza: wazee hao watakwenda wapi usiku uleule? Ukosefu wa nyumba nafuu ni ugonjwa unaohitaji dawa yake. Kambi haikuusababisha. Kwa sasa, kwa wengi, ndiyo sehemu pekee ambako umaskini hauambatani na fedheha.

Kuna pia jambo la uraia. Aliyeuza nyumba bado anahitaji anwani kwa ajili ya leseni ya udereva, bima na kura. Chama cha Escapees, kilichoanzishwa mwaka 1978, kina makao yake Livingston, Texas, na huwapokelea wanachama barua na kuzituma popote walipo. Dakota Kusini nayo imekuwa anwani ya wasafiri wengi, lakini mwaka 2023 jimbo hilo lilikaza sheria: asiyekaa humo siku 30 asipige kura. Waliopitisha sheria hiyo walisema wanalinda uchaguzi wa wakazi halisi. Kwa mtu anayeishi kwenye magurudumu mwaka mzima, maana yake ni kwamba haki ya kwanza ya raia inaweza kumponyoka kwa kukosa mlango.

Wakanada wana hesabu yao. Kwa kawaida huruhusiwa kukaa Marekani hadi miezi sita, na wengi hutunza daftari la siku wasivuke 182, kwa kuwa kodi hutegemea hesabu hiyo. Mwaka 2025 mvutano wa kibiashara kati ya nchi hizo mbili, pamoja na kubanwa kwa masharti ya kujiandikisha kwa wanaokaa zaidi ya siku 30, uliwafanya Wakanada wengi wapunguze safari za kusini. Miji midogo inayoishi kwa msimu mmoja huumia mara moja biashara ya namna hiyo inapotetereka.

Jangwa halisahau

Upande wa tatu katika mzozo huu hauna mdomo. Ni ardhi yenyewe.

Kati ya mwaka 1942 na 1944, jeshi la Marekani lilitumia jangwa la California na Arizona kufundisha vikosi vya vifaru, mwanzoni chini ya Jenerali George Patton, kwa maandalizi ya vita vya Afrika Kaskazini. Miaka 80 imepita, na alama za vifaru hivyo bado zinaonekana mahali pengi. Kokoto za juu zilizobanana kwa karne nyingi ndizo zinazozuia udongo usipeperushwe. Gurudumu likizivuruga, hazirudi katika maisha ya mtu.

Kusini mwa La Posa kuna Hifadhi ya Wanyamapori ya Kofa, iliyotangazwa mwaka 1939 baada ya kampeni iliyobebwa na maskauti wa Arizona kuwaokoa kondoo pori wenye pembe kubwa. Kobe wa jangwani wamo, na pia punda pori, vizazi vya punda walioachwa na wachimbaji madini, ambao wanalindwa na sheria ya mwaka 1971. Asili ya punda ni Afrika, na ugumu wao kwenye ukame hauwashangazi wanaowafahamu kwetu. Mgeni anayewatupia mkate kando ya barabara anadhani anawafadhili. Anawazoesha kusogelea magari, na magari huwaua.

Kabla ya wote hao, nchi hii ilikuwa na wenyewe. Kaskazini mwa Quartzsite iko ardhi ya makabila ya Mto Colorado, iliyotengwa mwaka 1865, ambako leo wanaishi Wamohave, Wachemehuevi, Wahopi na Wanavajo. Haki zao za maji ni miongoni mwa zile zinazotangulia nyingine zote kwenye mto huo. Msafiri anayesema jangwa ni tupu anaonyesha tu kwamba hajauliza.

Hapa ndipo suala la ada linapokuwa na sura mbili. Kuondoa taka, kunyonya vyoo, kupima maji na kuajiri walinzi ni gharama, na ada ndogo haifiki mbali. Wanaotaka ipandishwe wana sababu. Wanaopinga nao wana yao: kila dola inayoongezwa humwondoa kwanza yule asiye na pa kurudi, huku mwenye gari-nyumba la mamia ya maelfu ya dola akilipa bila kuhisi.

Jibu la haki lipo. Ada ifuate uwezo na ukubwa wa gari, mwenye kipato kidogo apate punguzo kubwa, na fedha zote zibaki katika kuitunza ardhi hiyohiyo. Na anayeacha taka, anayemwaga maji ya choo kichakani au anayefungua njia mpya kwa magurudumu, atozwe faini bila kujali umri.

Waliohamia moja kwa moja

Mwaka 1902 alikufa hapa Quartzsite mtu aliyeitwa Haji Ali, mwenyeji wa dola ya Waturuki, ambaye miaka ya 1850 aliletwa na jeshi la Marekani kuongoza ngamia waliokusudiwa kubeba mizigo jangwani. Wamarekani walilivunjavunja jina lake likawa Hi Jolly. Mpango wa ngamia ulikufa, yeye akabaki. Mwaka 1935 kaburi lake lilijengewa piramidi ya mawe yenye ngamia wa chuma juu yake. Alikuwa ametoka kwa watu wanaojua kwamba jangwani lazima uelewe wakati wa kusafiri na wakati wa kutulia.

Elimu hiyo ndiyo iliyopotea katika miji mikubwa ya Ukanda wa Jua. Jua linalomponya mzee Januari humuua Julai. Mwaka 2023 jiji la Phoenix lilipata siku 31 mfululizo zenye joto la nyuzi 43 au zaidi. Katika wilaya ya Maricopa, yenye jiji hilo, joto lilihusishwa na vifo 645 mwaka huo. Karibu nusu ya waliokufa hawakuwa na makazi. Wengine walikufa ndani ya nyumba ambazo kiyoyozi kilikuwa kimeharibika, au hakikuwapo.

> Jua linalomponya mzee Januari humuua Julai.

Maji nayo yanapungua. Mto Colorado uligawanywa kwa mkataba wa mwaka 1922, uliotungwa katika miaka ya mvua nyingi, hivyo majimbo yaliahidiwa maji zaidi ya yale ambayo mto huyatoa. Agosti 2021 serikali ya shirikisho ilitangaza uhaba rasmi kwa mara ya kwanza, na mwaka uliofuata Arizona ilikatwa asilimia 18 ya mgawo wake. Juni 2023 jimbo likazuia vibali vya mitaa mipya inayotegemea maji ya ardhini pekee katika eneo la Phoenix.

Habari hizi zinawagusa pia wasemaji wa Kiswahili. Phoenix na Tucson ni miongoni mwa miji iliyopokea wakimbizi wa Kongo, baadhi yao wakiwa wamepitia Nyarugusu, mkoani Kigoma, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996. Kwa mtu aliyelelewa chini ya turubai, hema si burudani. Hakuchagua msimu, wala hana nyumba ya pili kaskazini ya kukimbilia Juni. Kwake, swali la kiyoyozi kinachofanya kazi, kivuli kituoni na maji ya kunywa kazini ni swali la uhai, na serikali za miji hiyo zinapaswa kulijibu hivyo.

Busara ya kuondoka

Ukilinganisha waliojenga jangwani na wanaopiga kambi, jambo moja linajitokeza. Mpiga kambi wa La Posa hutumia maji anayoyabeba na umeme unaotoka juani, na Aprili anaondoka. Kiangazi, joto la Quartzsite linapovuka nyuzi 43, jangwa hubaki na wanyama wake na wenyeji wachache walioamua kuvumilia.

Watu wa mwambao wetu wanaielewa busara hiyo. Kwa karne nyingi majahazi ya Arabuni na Ghuba yalishuka na kaskazi kuja Lamu, Mombasa na Zanzibar, yakafanya biashara, na kusi ilipoanza kuvuma mwezi wa Aprili yakatweka kurudi. Nahodha aliyechelewa aliadhibiwa na bahari. Kalenda ya kambi za Arizona inakaribia kufanana na ile, na kanuni ni moja: nchi ya ugenini huwa njema kwa anayefika kwa wakati na kuondoka kwa wakati.

Kwa sababu hiyo, ardhi hizi za kambi zinastahili kutetewa kwa nguvu. Zinampa mzee wa kipato kidogo afya, majirani na heshima kwa gharama ambayo nyumba yoyote ya kutunzia wazee haiwezi kuikaribia. Kuziuza kwa wawekezaji, au kuzipandishia ada mpaka zibaki za matajiri, kutakuwa dhuluma kwa watu waliofanya kazi maisha yao yote.

Wapiga kambi nao wana deni. Zahanati ya mji mdogo haikujengwa kwa umati wa Januari, na hospitali za karibu ziko nje ya mji, nusu saa au zaidi kwa gari. Anayekuja aje na dawa za kutosha na maji ya akiba, na jirani mmoja awe na namba za jamaa zake. Anunue mahitaji yake mjini badala ya kujaza gari kwenye duka kubwa la njiani, kwa kuwa kodi ya mauzo husaidia kulipia huduma za mji anazozitegemea.

Wapo pia Wakenya na Watanzania waliozeekea Minnesota na majimbo mengine ya baridi, ambao sasa wanakaribia kustaafu na kuongea kuhusu kuuza nyumba na kuhamia Texas au Arizona. Kwao ushauri ni mmoja. Usiuze kwanza. Kodi gari au chukua hema, ukakae kusini msimu mmoja wa baridi, uone kama mwili unakubali na kama unayapenda maisha hayo. Kisha rudi tena hukohuko Julai, ukae wiki mbili, uulize bei ya umeme wa kiyoyozi, chanzo cha maji ya mtaa na umbali wa hospitali. Ukishapata majibu ya Julai, ndipo ujue kama unatafuta nyumba ya kudumu au msimu wa kambi tu. Kwa wengi, msimu wa kambi unatosha, na jangwa nalo litapumua.